AJALI INA KINGA: MANENO KWA VIJANA WANAOJIFUNZA KAZI

(Hotuba iliyosomwa na mfanya kazi wa reli mbele ya wanafunzi wa mazoezi na vijana walioandikwa kazi karibuni. Wengi waliomba ichapwe, nasi tumeichapa kama ilivyosemwa.)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya usalama kazini na sheria za kazi. Mimi si wakili wala si mwalimu. Masomo yangu yalikuwa ya shule ya msingi ya misheni, na mengine yote nimejifunza katika karakana na kati ya njia za reli. Basi nitasema kwa maneno ya kazi, na mtu asiyeelewa anyanyue mkono.

Wazee wetu walituachia mithali isemayo, Ajali haina kinga. Mithali hii ni kweli kwa mtu aliyeangukiwa na tawi la mti akipita njiani. Lakini katika karakana imekuwa mithali ya kufichia makosa. Mashine isiyo na kifuniko ikimkata mtu vidole, husemwa, ajali haina kinga. Kijana akibanwa kati ya mabehewa mawili kwa sababu hakuna aliyemfundisha ishara za mkono, husemwa hivyo hivyo, kisha watu hurudi kazini.

Leo nataka kuwaambia neno moja tu. Ajali nyingi za kazini zina kinga, na kinga yenyewe ni mambo matatu: kufundishwa kabla ya kugusa, kusema unapoona hatari, na kuandika linapotokea jambo. Katika yote matatu sheria ya nchi yetu inasimama upande wako. Lakini sheria haina miguu. Atakayeifikisha penye mashine ni wewe na wenzako.

Kwanza natazama kwa nini kijana mgeni yumo katika hatari kuliko mzee wa kazi. Hajaijua mashine, wala hajui mahali pale pana desturi gani. Ana haraka ya kuonyesha kwamba aweza. Anaona haya kuuliza. Na mwanafunzi wa mazoezi ana hofu nyingine juu ya hizo: kitabu chake lazima kitiwe sahihi na msimamizi, na ripoti iende chuoni. Basi akiambiwa, Panda pale, hupanda. Akiambiwa, Shika hapa, hushika. Kwa kuogopa kukosa sahihi anakwenda mahali ambapo fundi wa miaka ishirini hangekubali kwenda.

Reli hii yetu ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Watu zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kufanya kazi hiyo, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Ulimwengu wote umesikia habari za simba wa Tsavo wa mwaka 1898. Lakini waliokufa kwa maradhi walikuwa wengi kuliko walioliwa na simba. Simba alipigwa risasi ikawa hadithi. Maji machafu na kambi mbovu hazikupata hadithi, kwa maana hazipigwi risasi. Zahitaji mtu wa kuziangalia kila siku. Ndivyo hatari ya kazi ilivyo mpaka leo. Ile inayoua watu mara nyingi ni ile iliyozoeleka, ambayo kila mtu anapita karibu nayo asubuhi na jioni.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Nitataja mambo machache ambayo kila kijana wa reli ayajue kabla ya siku yake ya kwanza kwisha.

Usipite chini ya behewa, hata likiwa limesimama tangu jana. Huoni injini iliyo upande wa pili, wala dereva hakuoni wewe. Usipite karibu na mwisho wa behewa lililosimama. Zunguka kwa mbali, ili likisukumwa ghafula lisikufikie. Usikanyage chuma cha reli. Pita juu yake, kwa maana kikiwa na mafuta au umande kinateleza kama sabuni. Angalia pande zote mbili kila mara, kwa kuwa injini ya dizeli iliyozimwa moto huweza kuteremka polepole bila sauti.

Usiingie katikati ya mabehewa yanayokwenda. Ingia baada ya kusimama kabisa, na baada ya dereva kuiona ishara yako na kuijibu. Ishara isiyojibiwa si ishara.

Katika karakana, usiingie chini ya kitu kilichoinuliwa kwa jeki peke yake. Jeki ni ya kuinua. Ya kushikilia ni magogo na stendi. Magurudumu yatiwe kabari kwanza. Katika mashine ya kusaga chuma, tunayoiita grainda, angalia kifuniko kipo na jiwe halina ufa, kisha vaa miwani ya kukingia macho. Pete, saa, na mikono mirefu inayoning'inia havikai karibu na mashine inayozunguka. Hewa ya mpira wa kompresa si ya kupangusia vumbi mwilini. Inaweza kupenya ngozi, na uchafu wake ukaruka machoni. Mashine ikiharibika, umeme uzimwe na swichi ifungwe kwa kufuli, na ufunguo akae nao yule anayeitengeneza, si mtu mwingine.

Na masikio pia. Kanuni za kelele za mwaka 2005 zinasema mfanya kazi asiwekwe penye kelele zaidi ya desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 katika siku moja. Chombo cha kupimia huna, lakini pima hivi: ikiwa mwenzako yuko hatua moja tu na inakubidi upaze sauti ndipo asikie, kelele hiyo yaweza kukudhuru. Sikio halitoki damu, ndiyo sababu watu hawalijali. Ukifika umri wangu hupati tena kusikia ulichokipoteza ukiwa na miaka ishirini.

Basi, sheria inasemaje? Mwaka 2007 nchi yetu ilipitisha sheria tano za kazi kwa pamoja. Leo nitazungumza juu ya nne.

Ya kwanza ni Sheria ya Usalama na Afya Kazini. Sheria hii inamtaka mwenye mahali pa kazi alinde usalama wa watu wote wanaofanya kazi hapo. Sikilizeni vizuri: watu wote. Haikusema wenye namba ya mshahara tu. Mwanafunzi wa mazoezi, kibarua wa siku mbili, mtu wa kontrakta, wote wamo. Inasema tena kwamba mtu asiwekwe kwenye mashine au kazi iwezayo kumwumiza mpaka ameelezwa hatari zake na jinsi ya kujikinga, na awe amefundishwa ya kutosha, au awe chini ya macho ya mtu anayeijua vizuri mashine ile. Kwa hiyo ukisema, Bwana, sijafundishwa kazi hii, wewe si mvivu wala si mkaidi. Umemkumbusha msimamizi wako sheria iliyo juu yake na juu yako.

Kifungu cha 14 cha sheria hiyo nawaomba mkishike kwa moyo. Kinamwamuru mfanya kazi amwambie msimamizi wake anapoona hatari kubwa iliyo karibu. Na mpaka hatari ile iondolewe, mwajiri haruhusiwi kumlazimisha arudi pale. Tena mtu aliyeondoka mahali kwa sababu ya haki, akiamini pana hatari ya maisha, asifukuzwe wala asiadhibiwe kwa jambo hilo. Lakini angalieni, sheria haikusema uondoke kimya ukanywe chai. Imesema useme. Msemee msimamizi, mbele ya mwenzako ikiwezekana, kisha simama mahali salama, tayari kwa kazi nyingine.

Sheria hiyo hiyo inataka mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, yenye wajumbe wa mwajiri na wa wafanya kazi. Ukifika mahali pa kazi uliza, Wajumbe wa kamati ni nani? Ikiwa hakuna anayewajua, umekwisha kujifunza jambo moja juu ya mahali hapo.

Nayo inakudai wewe pia. Lazima uvae vifaa ulivyopewa, ufuate maagizo ya usalama, usimtie mwenzako hatarini. Kijana anayepewa kofia ngumu akaikalia kama kiti amevunja sheria kama yule mwajiri asiyetoa kofia.

Ya pili ni Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini. Hii ndiyo sheria ya fidia. Ilipingwa mahakamani miaka mingi, mpaka mwezi wa Desemba 2019 Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba ni halali. Inasema mfanya kazi aliyeumia, au mtu kwa niaba yake, ampe mwajiri habari, kwa maandishi au kwa mdomo. Mwajiri akiisha kupata habari, ana siku 7 kuipeleka kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Nalo dai la fidia liletwe katika muda wa miezi 12. Tena inaonya: mtu akiumia kwa utovu wake wa makusudi, asipopata ulemavu mkubwa wala kufa, hana fidia. Basi michezo ya kurushiana spana na kupanda behewa linalokwenda iacheni.

Katika sheria ya fidia, mfanya kazi ni pamoja na kijana anayejifunza ufundi kwa mkataba. Lakini mwanafunzi aliyekuja kwa barua ya chuo tu, kwa miezi mitatu, asilale akidhani jina lake limo. Aulize kabla hajashika chombo: Nikiumia, bima yangu ni ya chuo au ya mwajiri? Karatasi yake iko wapi? Swali hili ni rahisi siku ya kwanza. Hospitalini ni gumu sana.

Ya tatu ni Sheria ya Ajira. Kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na mwenye wajibu wa kuuandika ni mwajiri. Ikifika mbele ya hakimu na mwajiri hana mkataba wa kuonyesha, yeye ndiye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha masharti yalikuwa gani. Kibarua aliyefanya kazi siku zinazofuatana zikatimia mwezi mmoja hahesabiwi tena kibarua wa siku. Kila siku 7 una haki ya siku moja ya kupumzika, na uchovu, ndugu zangu, ni mama wa ajali. Mtoto, maana yake aliye chini ya miaka 18, asiandikwe katika kazi ya kiwanda kati ya saa 12 na nusu jioni na saa 12 na nusu asubuhi, isipokuwa kwa dharura iliyotajwa na sheria. Na mfanya kazi akishtakiwa kwa kosa la kazi, kabla hajaondolewa lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na asikilizwe, akiwa na mfanya kazi mwenzake au mjumbe wa chama.

Ya nne ni Sheria ya Mahusiano ya Kazi, inayompa kila mfanya kazi haki ya kuingia chama. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inasema vivyo hivyo. Sitasema mengi juu ya hiyo, kwa kuwa mmekaa ndani ya nyumba yake.

Sasa nawapa habari moja ili mwone kwa nini nasisitiza kuandika. Katika karakana moja, ambayo sitaitaja jina, kijana wa mazoezi aliambiwa ashikilie chuma wakati fundi akikisaga. Miwani ilikuwa moja, na fundi ndiye aliyeivaa. Kipande kidogo cha chuma kikaruka kikaingia jicho la kijana. Akaoshwa kwa maji, akapewa chai, akaambiwa, Nenda nyumbani, kesho litapona. Naye akashukuru, kwa maana alichoogopa zaidi ni kuonekana mlegevu. Hakuna kilichoandikwa katika daftari la ajali. Chuo hakikuambiwa.

Baada ya majuma matatu jicho likawa na ukungu. Alipokwenda kuuliza habari za matibabu, aliulizwa, Ajali gani? Lini? Nani aliona? Watu wawili walikuwa wameona. Mmoja alikuwa amehamishwa mbali, na wa pili alikuwa na watoto na aliogopa. Sisi wa chama tulipoingia tulifanya kazi ya miezi mingi kutafuta jambo ambalo siku ile ya kwanza lingeandikwa kwa dakika tano. Mwisho alitibiwa. Lakini jicho lile leo linaona mwanga wa taa tu, herufi halizisomi. Yeye alikuwa akisomea kuchora ramani za mashine.

Wazee walisema vema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Jicho ni mali. Kidole ni mali. Basi kila mmoja wenu awe na daftari dogo la mfukoni. Ukiumia, hata kidogo, andika siku hiyo hiyo: tarehe na saa, mahali, mashine au chombo gani, nani alikutuma, ulikuwa umevaa nini, nani aliona, ulimwambia nani, naye alijibu nini. Hakikisha jambo limetiwa katika daftari la ajali la mahali pa kazi, kisha mpelekee msimamizi habari kwa ujumbe wa simu, kwa kuwa ujumbe una tarehe na saa ndani yake na haufutiki kwa maneno. Nenda hospitali, useme wazi, Nimeumia kazini, ili iandikwe hivyo, na karatasi zake uzitunze. Mwambie mjumbe wa chama. Mwanafunzi, mwambie na mwalimu wako. Ikiwa mwajiri amekaa kimya, Idara ya Usalama na Afya Kazini ipo, na kazi yake ni kusikiliza mambo haya.

Wala usingoje damu. Ukikosewa na kitu bila kuumia, kama mnyororo ukikatika na kuanguka pembeni yako, hiyo ni barua umeletewa. Isemee. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Neno la mwisho nalisema kwa mafundi wenzangu na wazee wa kazi, kwa maana vijana hawawezi kubeba jambo hili peke yao. Kijana akiuliza, tusimcheke. Tunajua ile desturi ya kumtania mgeni, na kumwambia, Hata sisi tulijifunza kwa kuumia. Nasema desturi hiyo ife. Kovu lililo mkononi mwako si cheti cha kumpa mwenzako kama lilivyo. Mpe maarifa uliyoyapata kwalo. Tena msimamizi anapomtuma mwanafunzi mahali pabaya, wa kwanza kusema asiwe mwanafunzi, ambaye sahihi yake iko mkononi mwa mtu. Awe fundi aliye karibu. Inatosha aseme, Bwana, kazi hii nitaifanya mimi, naye atazame. Maneno hayo hayamgombezi mtu, nayo yanaokoa mkono.

Na ninyi vijana, kesho mtakuwa mafundi na wasimamizi. Wengine watakuwa wahandisi, watatia sahihi katika vitabu vya watoto wa wenzenu. Siku hiyo kumbukeni mlivyokuwa mkisimama mlangoni mwa karakana na viatu vipya, mkiogopa kuuliza.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu mmoja akisema, Kazi hii ni ya hatari, huitwa mwoga. Watu kumi wakisema, mashine hutiwa kifuniko. Kazini tunakwenda kutafuta riziki, na jioni tunatakiwa nyumbani tukiwa wazima.

Maswali yaje sasa, na la kwanza litoke kwa kijana aliye mgeni kuliko wote.

Umoja ni nguvu.